Maua ya Dirishani: okidi ndogo, mfuko mdogo

Mwezi huu barua za okidi zimekuja nyingi, kwa hiyo ukurasa wote nawapa hizo, za nyanya na mchicha zisubiri mwezi ujao inshaallah.

SWALI: Assalaam aleikum Maalim. Mie ni mpangaji hapa Michenzani, ghorofa ya nne, sina kiwanja, nilichonacho ni madirisha mawili tu, moja linatazama mashariki na jengine magharibi. Okidi nimezipenda tokea siku ya harusi ya binamu yangu, zilipambwa ukumbi mzima, na sasa nimeweka elfu sabini pembeni kwa ajili hiyo, kuongeza siwezi mana kodi inakuja. Kila nikiangalia kwenye simu naambiwa ninunue taa, mashine ya kutoa mvuke, sijui trei za kokoto, dirisha liwe la kusini, mpaka nimekata tamaa. Jee ipo okidi ndogo isiyojaza dirisha zima, na hizo pesa zinatosha, au nijikalie na asumini wangu kwenye kopo?
Mpangaji, Michenzani

JIBU: Waaleikum salaam warahmatullah mdogo wangu. Elfu sabini si pesa ndogo kwa mtu anaelipa kodi, nashukuru umeuliza kabla hujaitoa. Hiyo orodha ya taa na mashine ya mvuke ifute yote. Wanaoiandika wengi wanakaa Uingereza, Uholanzi, Marekani, huko miezi ya baridi jua linachungulia tu na ndani wanawasha hita zinazokausha hewa mpaka midomo inapasuka, sasa mmea wa nchi za joto utaishije huko bila ya kusaidiwa? Sie hapa Unguja tuko kama nyuzi 6 kusini ya ikweta, mwanga ni karibu saa 12 kila siku mwaka mzima, unyevu wa bahari unaingia mpaka kabatini nguo zikanuka uvundo, na usiku wa Julai, ambao ndo baridi yetu hiyo tunayojifunikia shuka mbili, bado ni kama nyuzi 22. Vitu ambavyo wenzetu wanavilipia umeme kila mwezi weye Mola kakupa bure. Kwa hiyo pesa yako iende kwenye mmea wenyewe, tena mmea unaotaka joto, na hapo ndo watu wengi wanapopoteza pesa zao.

Dirisha la kusini nalo ni habari ya kwao. Kule jua siku zote limeegemea kusini, ndo mana. Kwetu jua linahama: Juni na Julai liko kaskazini yetu, Disemba na Januari linahamia kusini, na mwanzo wa Machi na mwanzo wa Oktoba adhuhuri linapita utosini kabisa hata kivuli chako hukioni. Upande wa mashariki haubadiliki sana, unapata jua la asubuhi lile laini, mpaka kama saa nne hivi likipanda, baadae unabaki mwanga mtupu bila ya jua lenyewe. Okidi ndogo hazitaki zaidi ya hapo. La magharibi ni kali, jua la alasiri pamoja na ukuta wa saruji uliokwisha kupata moto toka mchana litakuunguza majani, utaona doa jeupe halafu jeusi. Huko mpeleke asumini wako, yeye jua ndo chakula chake. Na kama una wasiwasi na mwanga, saa nne asubuhi weka karatasi nyeupe pale dirishani, nyoosha mkono juu yake, kivuli kikiwa kimefifia kingo zake hazionekani vizuri basi panafaa, kikiwa cheusi kimekatika kama kimechorwa kwa wino, tundika pazia la lesi.

Sasa okidi yenyewe. Ningekuwa mimi na dirisha lako ningeanza na ile ya maua mfano wa kipepeo, kwenye kibandiko utaona imeandikwa Phalaenopsis, watu wanaita falenopsi, lakini utake zile ndogo, si zile kubwa za majani kama sahani. Ndogo nyingi zina damu ya falenopsi moja ya Ufilipino na Taiwan inaitwa equestris, majani yake yakitandaa ni shubiri moja au moja na nusu, maua madogo ya waridi mengi kwenye kikonyo kimoja, na uzuri wake kwa mwenye bajeti ndogo ni kuwa kikonyo kile kile hutoa maua tena na tena, na mara nyengine juu ya kikonyo kinachipua kitoto chenye majani na mizizi yake, kikishapata mizizi mitatu ya urefu wa kidole unakikata unakipanda, umepata okidi ya pili bila ya kutoa senti. Ina asili ya joto na mwanga wa kivulini kama wetu. Jambo moja tu, falenopsi hutoa kikonyo ikipata wiki kadhaa za usiku wenye ubaridi kidogo, kwa hiyo Juni mpaka Agosti usilifunge dirisha usiku, kipupwe hicho ndo kitakachokuletea maua.

Ya pili, na hii nakiri ndo kipenzi changu, ni brasavola, Brassavola nodosa. Kwao ni pwani za Amerika ya Kati, huko inaota juu ya miti na majabali karibu na bahari, hata kwenye mikoko, kwa hiyo upepo wa chumvi wa kwetu haiuogopi. Majani yake ni membamba ya mnofu mfano wa penseli, mchana ukiipita huwezi hata kuitazama, lakini ikichanua maua meupe na magharibi ikiingia, harufu inaanza, na baada ya isha nyumba nzima inanukia kama mtu kapita na kikuba kifuani. Mchana harufu hamna, mana huko kwao wanaoifuata ni nondo wa usiku. Hii inataka mwanga zaidi kuliko falenopsi, hata lile dirisha la magharibi ukitia pazia la lesi inakaa.

Ukipata tolumnia, zile ndogo kabisa za visiwa vya Karibi, majani kama kipepeo cha kupepea mkaa lakini ukubwa wa kiganja cha mtoto, chukua, ila zinataka kukauka kabisa kabla ya usiku kuingia, hazimfai mtu mwenye mkono wa maji. Dendrobi fupi za aina ya zile za harusini pia zinastahmili joto letu vizuri sana, ila hata hizo fupi hurefuka, uangalie dirisha lako lina kimo gani.

Za kuziacha, hata ukipewa kwa bei ya kutupa: simbidi, masdevalia, miltoniopsi, na zile dendrobi za maua kwenye magoti ya shina lote, nobile. Hizi ni za nchi za milimani, zinataka baridi. Nalisema hili kwa uchungu mana okidi yangu ya mwanzo niliinunua kitalu kimoja bara, muuzaji kanambia inaota popote, nikaibeba mpaka Unguja nimeipakata mapajani kama mtoto. Ilikuwa simbidi. Miaka minne nimeitunza, majani mazuri marefu, ua hata moja. Mwisho nikampa shemeji anaeishi Lushoto, na mwaka wa pili akanitumia picha ikiwa na vikonyo vitatu. Mmea haukuwa na kosa, mimi sikuwa na kosa la matunzo, usiku wetu tu haukuwa na baridi yake.

Kwa hiyo elfu sabini nunua mmea mmoja, mmoja tu, uliokwisha kukomaa. Miche midogo bei yake inavutia, lakini itakuweka miaka miwili mitatu ndo uone ua, na kwa mtu anaeanza subira hiyo ni ndefu na mche ni dhaifu. Uuonje mmea kwa mkono: ushike chini taratibu uutikise, ukichezacheza kama jino bovu basi mizizi imeoza. Geuza jani utazame chini yake kama kuna magamba ya kahawia au pamba nyeupe, hao ni wadudu. Mizizi iwe minene na migumu, rangi ya fedha ikiwa mikavu, kijani ikirowa. Na wala usishughulike kutafuta yenye maua mengi, hiyo ndo ghali. Ile iliyobakisha maua mawili ya mwisho rangi umeiona na bei inapungua. Ulizia pia kwa wapambaji wa maharusi na kwenye mahoteli, falenopsi ya chunguni ikimaliza maua watu wengi wanadhani imekufa wanaitupa. Lakini vile vishada vya kukatwa vya kwenye meza havioti, usivibebe, kile ni kikonyo cha maua peke yake, kimekwisha kutengwa na mmea wake.

Ukiagiza kutoka Dar, chagua isiyo na vitumba, mana kwenye boti kile kiyoyozi na upepo wa nje hubadilisha hali ghafla na vitumba vyote hudondoka kabla hujafika bandarini Malindi. Ifunge na gazeti, itie kwenye boksi, uiweke wima. Na kabla hujaleta mmea wowote ulizia kwa watu wa kilimo taratibu za karantini, wa kutoka nje ya nchi unataka cheti cha afya ya mimea, na okidi zote zimo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama wa porini, usije ukanyang'anywa bandarini ukabaki unalia.

Chungu usinunue. Falenopsi mizizi yake nayo inapika chakula kwa mwanga kama majani, kwa hiyo inapenda chombo kinachoonyesha ndani: kata chupa kubwa ya maji, toboa matundu mengi chini na ubavuni kwa msumari wa moto. Brasavola itie kwenye kifuu cha nazi kilichotobolewa, ukitundike kwenye nondo za dirisha. Ndani tia vipande vya makumbi makavu vya ukubwa wa kete ya dhumna, changanya na mkaa uliopondwa na vigae vya chungu. Udongo hapana, hata ngumi moja. Okidi hizi huko kwao zinakaa juu ya matawi, mizizi inataka hewa, ukiifukia inakosa pumzi inaoza.

Maji mwagia asubuhi, ukiona mizizi imegeuka rangi ya fedha na chombo kimekuwa chepesi. Siku za kaskazi itakuwa kila baada ya siku mbili tatu, masika hata wiki nzima. Yasikae katikati ya majani ya falenopsi, yakikaa yafyonze kwa ncha ya tishu, mana hapo ndo uozo unapoanzia. Mbolea ile NPK ya kuchanganya na maji, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakti, mara moja kwa wiki, na maji matupu mara moja kwa mwezi kuisafisha. Kipakti kidogo kinakutosha mwaka.

SWALI: Maalim, nakaa Jambiani. Okidi yangu nilipewa na mgeni alipoondoka. Nikasikia makumbi ni mazuri, nikachukua yale yaliyofukiwa pwani, ya kupigia usumba, yalikuwa laini nikasema haya ndo yenyewe. Wiki ya tatu sasa majani yamelegea yamekunjana na ncha zinakuwa nyeusi, nami namwagia maji kila siku kutoka kisimani lakini ndo kwanza inazidi. Inakufa?
Mama wa watoto wanne, Jambiani

JIBU: Pole sana dada yangu, bado hujaipoteza. Makumbi yale yamekaa miezi ndani ya tope la bahari, yamejaa chumvi, na chumvi badala ya kuupa mzizi maji inaufyonza. Ndo mana unamwagia na jani linalegea vile vile. Kisima nacho kwa upande wenu wa pwani mara nyingi kina chumvichumvi, na hata visivyo na chumvi maji yake yamepita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa, utaona yameacha ukoko mweupe kwenye chungu.

Itoe yote leo leo. Ioshe mizizi kwa maji ya mvua, na kama huna basi hata ya kunywa ya dukani, lita mbili tatu zinatosha. Mzizi ulio mgumu uache, ulio mtupu kama mrija au unaoteleza ukate kwa mkasi uliopitishwa kwenye moto. Kisha nenda kwa wakuna nazi, omba makumbi makavu ambayo hayajaingia baharini, yakate, yaroweke kwenye ndoo siku tatu na kila siku ubadilishe maji, maana hata kumbi kavu la pwani lina chumvi yake kidogo, maji yakishaacha kuwa mekundu kama chai ndo uyatumie. Iweke kivulini, mbolea usitie mpaka uone ncha ya mzizi mpya ya kijani. Ukikata jani lililooza pale ulipokata nyunyizia mdalasini wa unga, sie tunao jikoni, unakausha kidonda na kuzuia kuvu. Ila usiupeleke kwenye mizizi, utaikausha nayo.

Na masika ikija weka mapipa chini ya bati. Lile pipa moja la mvua linakuvusha mpaka vuli kwa okidi moja au mbili, lifunike tu mbu wasizaliane.

SWALI: Mie kijana wa Konde, Pemba. Kwa nini tununue wakati Ngezi miti imejaa mimea hiyo juu? Nikikwea nikang'oa mbili tatu nani ataumia?
Msomaji, Konde

JIBU: Mwanangu, ule ni msitu wa hifadhi, kung'oa mmea mle ni kosa, nakwambia wazi ili usije ukaingia matatani. Lakini hata sheria isingekuwepo nisingekushauri. Okidi ya mwituni mizizi yake imeng'ang'ana na ganda la mti, ukiing'oa unaikata, na ndani ya mizizi ile kuna kuvu anaeishi nayo, na nyengine zinategemea nondo wa aina maalumu kuzichavusha. Ipo okidi ya Madagaska, Angraecum sesquipedale, ina mkia wa asali wa karibu sentimita 30. Mwaka 1862 Charles Darwin, mtaalamu wa viumbe wa Uingereza, alisema lazima yupo nondo mwenye ulimi mrefu wa kufika kule chini, na mwaka 1903 nondo huyo akatangazwa kweli, Darwin mwenyewe keshakufa zamani. Namna hiyo ndo vitu vilivyofungamana. Ukitoa kimoja huku chengine kinakosa chakula, na kile ulichotoa kinakufia dirishani baada ya miezi sita.

Nyingi za juu ya miti mikubwa ya pwani pia si za dirishani, zinakuwa kubwa. Upepo ukiangusha tawi la mwembe wenu wa shambani lenye okidi juu yake, hiyo ni halali kwa baba mwenye shamba akiridhia, ifunge kwa kamba ya usumba kwenye mti mwengine pale pale, kimo cha macho. Utaitazama kila siku na itaishi kukuzidi.

SWALI: Nimeona kwenye simu wanauza mbegu za okidi za buluu, pakti mia kwa bei ya soda. Niagize?
Mfanyabiashara, Darajani

JIBU: Usiagize, ndugu yangu, hata moja. Mbegu ya okidi ni vumbi, tunda moja la baadhi ya aina lina zaidi ya milioni, huwezi kuzihesabu mia ukazitia kwenye pakti. Haina akiba ya chakula ndani kama mbegu ya kunde, kule mwituni inasubiri kuvu amlishe, na watu wakizioteza wanaoteza ndani ya chupa zilizochemshwa zikasafishwa, juu ya jeli yenye sukari, njia aliyoionyesha Lewis Knudson kule Marekani mwaka 1922. Kwenye kopo la udongo haitoki kitu. Wengi walioagiza zimewatokea mbegu za majani mengine kabisa. Na falenopsi zile za buluu kali unazoziona kwenye picha nyingi zimetiwa rangi kwenye kikonyo, ua linalofuata linakuja jeupe.

SWALI: Mwalimu wetu wa skuli kasema vanila ni okidi. Kweli? Naweza kuipanda dirishani?
Mwanafunzi, Chake Chake

JIBU: Kasema kweli, mpe salamu zangu. Ile ile ya mashamba ya viungo, kwao ni Meksiko. Huku kwetu hatuna nyuki wake kwa hiyo kila ua linachavushwa kwa mkono, kwa kijiti, asubuhi ile ile linapofunguka mana mchana lishanyauka. Njia hiyo ya kijiti aliigundua Edmond Albius kwenye kisiwa cha Réunion mwaka 1841, alikuwa mtoto wa miaka 12 tu na alikuwa mtumwa. Lakini dirishani haikai, ni mtambaa, unapanda mita nyingi kabla ya kutoa ua. Omba pingili moja ya urefu wa mkono kwa mwenye shamba, uiegemeze kwenye mti wa kivulini nyuma ya nyumba, mguu wake uufunike majani makavu, halafu niandikie ikishafika kimo chako.